Tukiambiwa Maradhi Yamekwisha, Tuambiwe na Hesabu Yake



Leo tunaweka pembeni singo, hina na mitindo ya mitandio, ingawa ya harusi tutayarudia kabla hatujaagana. Tuna jambo limetukaa moyoni tangu Januari 2025, na tumeona ni vyema tulitoe.

Mwenzetu mmoja ana dada yake aliyeolewa Biharamulo, mkoa wa Kagera. Dada huyo ni miongoni mwa wanawake wachache wa mtaani kwao wanaoitwa kila anapofariki mwanamke Muislamu. Ndio wanaokata sanda, ndio wanaochemsha maji, ndio wanaokosha. Usiku mmoja baada ya Isha alipiga simu. Jirani yake amefariki kwa homa, kesho mazishi, na yeye ameshaitwa. Akauliza swali moja tu: "Nimkoshe, au nisimkoshe?"

Hakuuliza kwa sababu hajui hukumu ya kukosha maiti. Anaijua kuliko sisi. Aliuliza kwa sababu wiki ile alikuwa amesikia maneno mawili yanayopingana kutoka kwa wakubwa wawili, na hakujua lipi alishike.

Siku sita za maneno mawili

Tarehe 14 Januari 2025, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kuna watu wanaoshukiwa kuwa na maradhi ya Marburg mkoani Kagera, katika wilaya za Biharamulo na Muleba. Lilitaja washukiwa tisa, na wanane kati yao walikuwa wameshafariki. Mara tu baada ya hapo Wizara ya Afya yetu ikatoa taarifa yake: sampuli zimepimwa, na hakuna aliyekutwa na Marburg. Tarehe 20 Januari, Rais Samia Suluhu Hassan akasimama Ikulu ya Dodoma, pembeni yake akiwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akasema kwamba mgonjwa mmoja wa Biharamulo amethibitika. Wengine 25 waliopimwa hawakuwa nayo.

Kutoka tarehe 14 hadi 20 ni siku sita. Kwa mtu aliyekaa ofisini, siku sita ni muda wa kawaida wa kurudia vipimo. Inawezekana kabisa kwamba Wizara ilisema kile ambacho maabara iliiambia siku ile, na hatumtuhumu mtu kuwa alisema uongo. Lakini katika siku sita mwanamke wa Biharamulo anaweza kuuguza mgonjwa, kufua shuka zake, kumkosha akifa, na kurudi nyumbani kumnyonyesha mtoto.

Marburg huambukizwa kwa kugusa damu, matapishi, jasho na majimaji mengine ya mgonjwa, na maiti yake huambukiza pia. Haina chanjo wala dawa iliyoidhinishwa. Mwanzo wake ni homa, kichwa na maumivu ya mwili, mambo ambayo kwa mkoa wenye malaria kila mtu atasema ni malaria. Sasa tuulizane, nyumbani kwetu nani hukaa karibu na majimaji ya mgonjwa? Ni mama, ni mke, ni binti, ni wifi. Mlipuko ule ulipohesabiwa hadi mwisho, walikuwa wagonjwa wawili waliothibitika na wanane waliohesabiwa kuwa walikuwa nayo. Wote kumi walifariki, Allah awarehemu, na wengi wao walikuwa wanawake.

Ndiyo maana tunasema neno la serikali kuhusu maradhi kwanza ni suala la wanawake. Likichelewa, sisi ndio tunaolipia.

Tutaulizwa sisi watu wa kisiwani, Biharamulo na Ngara zinatuhusu nini? Zinatuhusu kwa sababu dada zetu wapo huko. Zinatuhusu pia kwa sababu mwaka 2020 sote tulikuwa chini ya taarifa zilezile, wao mpakani na sisi baharini.

Ngara ilipokuwa katikati

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 16 Machi 2020 Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona. Kesho yake skuli zikafungwa, na mikutano na michezo ikasimamishwa. Misikiti, makanisa na masoko vikabaki wazi. Hatukufungiwa ndani kama walivyofungiwa wenzetu wa nchi nyingine.

Sisi tulikuwa tukiona kufungiwa huko kwenye televisheni tu. Watu wa Ngara walikuwa wakikuona ng'ambo ya mto. Wilaya yao inapakana na Rwanda kwa Rusumo na Burundi kwa Kabanga. Rwanda ilifungia watu wake majumbani kuanzia usiku wa 21 Machi, ikaanza kulegeza tarehe 4 Mei. Burundi ilikuwa kwenye kampeni za uchaguzi wa 20 Mei, na siku chache kabla ya kura ikaamuru mwakilishi wa Shirika la Afya Duniani aondoke. Mwanamke wa Ngara aliamka kila siku katikati ya nchi tatu zinazosema mambo matatu.

Mwishoni mwa Aprili Rwanda ikasema kwamba maambukizi mengi mapya yanatoka kwa madereva wa malori na wasaidizi wao. Ikataka madereva wanaotoka Tanzania waishie mpakani, wakabidhi magari kwa wengine. Madereva wa kwetu wakagoma, malori yakajipanga Rusumo, mpaka serikali mbili zilipokutana mwezi Mei na kuelewana.

Foleni ile haikuwa ya vyuma peke yake. Barabara ya malori kutoka Dar es Salaam inapita Kahama, inaingia wilaya ya Biharamulo kwa Nyakanazi na Lusahunga, ndipo inafika Benaco na Rusumo. Kila lori linaposimama kuna mama lishe. Kuna anayeuza ugali na maharage, kuna wa chai na chapati, kuna wa ndizi, kuna anayefua nguo za madereva. Wanawake hawa walisikia kutoka ng'ambo kwamba madereva wana maradhi. Upande wao hawakusikia hesabu yoyote. Je, wauze au wafunge? Wakifunga, watoto watakula nini? Wakiuza, watajikinga na nini, na kwa kiasi gani?

Tuseme la haki. Uamuzi wa kutowafungia watu ndani ulikuwa na sababu yake, na wengi wetu tuliushukuru. Mwanamke anayeuza leo ili ale leo hawezi kuambiwa akae ndani wiki sita bila kuletewa unga. Anayetaka kuilaumu serikali ya wakati ule kwa jambo hilo, akamuulize kwanza mama lishe wa Benaco. Lakini kutofunga ni jambo moja, na kutosema ni jambo jingine. Unaweza kuliacha soko wazi na bado ukawaambia waliomo sokoni kuna wagonjwa wangapi.

Kufungua kwa kwanza

Takwimu za taifa zilikoma. Wagonjwa 509 na vifo 21, hizo ndizo zilizobaki kwenye kumbukumbu tangu mwanzo wa Mei 2020, na hazikuongezwa tena mpaka mwaka uliofuata. Maabara ya taifa iliingia kwenye mashaka baada ya marehemu Rais John Pombe Magufuli kueleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilirudi na majibu ya korona.

Tarehe 17 Mei, akiwa kanisani Chato, Rais alisema wagonjwa wanapungua. Hapa inafaa kukumbuka kwamba Chato ilimegwa kutoka Biharamulo, na yeye alianza ubunge mwaka 1995 kwa jimbo la Biharamulo Mashariki. Kwa watu wa kule aliyekuwa akisema ni mtoto wa nyumbani, na neno la mtoto wa nyumbani lina uzito ambao taarifa ya redio haina. Tarehe 21 Mei akatangaza kwamba vyuo na kidato cha sita vitafunguliwa tarehe 1 Juni, na michezo irudi. Tukaombwa pia siku tatu za kumshukuru Mungu. Skuli nyingine zikafunguliwa tarehe 29 Juni.

Ilikuwa mwisho wa Ramadhani, Idi ikiwa mlangoni. Mnakumbuka furaha ile? Sisi tunaikumbuka. Simu zilianza kulia palepale: ukumbi, mpishi, kanga za sare. Harusi zilizoahirishwa zikapangiwa Shawwal. Wengi walisema alhamdulillah dua zimejibiwa. Wengine walinyamaza, kwa sababu nyumbani kwao kulikuwa na mtu anayekohoa, na hawakujua waseme nini mbele ya shangwe. Waliojifukiza walijifukiza, waliovaa barakoa walichekwa.

Hatuna neno na dua. Sisi ni watu wa dua, na shukrani ni ibada. Tatizo ni kwamba mlango ulifunguliwa bila kuambiwa hesabu. Hatukuambiwa wagonjwa wamepungua kutoka wangapi hadi wangapi, wala nani amewafuatilia waliokaribiana nao, wala nini kitatokea wakizidi tena. Mtu asiyejua hatari imepungua kwa kiasi gani hawezi kujua ajihadhari kwa kiasi gani. Basi kila mmoja akachagua la kuamini.

Sisi wa Zanzibar tulijifunza kwa uchungu. Mwisho wa Januari 2021 chama cha ACT-Wazalendo kilitangaza kwamba Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais, ana korona. Wakati ule kulisema hilo hadharani halikuwa jambo jepesi. Tarehe 17 Februari akafariki. Kuna nyumba nyingi hapa kisiwani ambazo zilianza kujihadhari kwa sababu ya tangazo lile tu. Watu hawakukimbia ovyo. Walinawa, walikaa mbali na wazee wao, waliahirisha shughuli. Waliambiwa ukweli, wakafanya la maana.

Kufungua kwa pili

Sasa tazameni Biharamulo mwaka 2025. Baada ya zile siku sita za mwanzo, mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Waliokaribiana na wagonjwa waliandikwa, zaidi ya watu 200, wakafuatiliwa kwa siku 21 kila mmoja, kwa sababu huo ndio muda mrefu zaidi ambao virusi hivi hukaa mwilini kabla ya dalili kuonekana. Mgonjwa wa mwisho aliyethibitika alifariki tarehe 28 Januari. Kuanzia hapo zikahesabiwa siku 42, yaani 21 mara mbili, bila mgonjwa mpya. Tarehe 13 Machi 2025 ndipo ikatangazwa kwamba mlipuko umekwisha.

Na safari hiyo pia ilikuwa Ramadhani, katikati ya mfungo. Ramadhani mbili, matangazo mawili ya kufungua. La kwanza lilitutaka tuamini. La pili lilitupa kitu cha kuhesabu kwa vidole. Yule mkosha maiti wa Biharamulo, ambaye hakusoma udaktari, aliweza kuhesabu mwenyewe tangu 28 Januari na kujua siku gani atapumua. Hiyo ndiyo tofauti tunayoizungumzia, na ndiyo tunayoomba iwe kawaida.

Kagera wenyewe walishaionja njia hii. Marburg ilipotokea mara ya kwanza nchini, Bukoba Vijijini mwaka 2023, ilianza kwa taarifa ya maradhi yasiyojulikana, kisha tarehe 21 Machi ikatajwa jina lake. Wagonjwa walikuwa tisa, sita wakafariki, na tarehe 2 Juni ikatangazwa kwamba imekwisha. Kwa hiyo watu wa mkoa ule si wajinga wa kuogopeshwa. Wameshaona kwamba maradhi mabaya yanaweza kutajwa jina, yakapigwa vita, yakaondoka.

Wapo wanaosema kutangaza mapema kunaharibu biashara, kunafukuza watalii, kunaleta taharuki. Sisi tunaishi kwa utalii, hoja hiyo tunaielewa vizuri. Lakini taharuki ya Januari 2025 haikuletwa na ukweli. Ililetwa na kusikia ndiyo kutoka huku na hapana kutoka kule. Wazee wetu walishasema mficha maradhi kilio humfichua. Kama vipimo havijakamilika, ingetosha kusema: tunashuku, bado tunapima, kwa sasa msiguse maiti wala majimaji ya mgonjwa mpaka tuwajulishe. Sentensi moja kama hiyo ingemjibu dada yetu kabla hajapiga simu.

Na dini yetu inasemaje?

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitufundisha kwamba tauni ikiwa katika nchi tusiingie, na ikitukuta ndani yake tusitoke kuikimbia. Sayyidna Umar, Allah amridhie, alipokuwa njiani kwenda Sham na kuambiwa kuna tauni, alishauriana na watu, akageuza msafara. Abu Ubayda akamuuliza kama anakimbia kadari ya Allah. Umar akamjibu kwamba anatoka kwenye kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah.

Tulitafakari jambo moja katika kisa hiki. Umar aliweza kuamua kwa sababu aliambiwa. Viongozi wa Sham walitoka kumlaki wakampa habari ilivyo, hawakumficha ili msafara wake usiharibike. Tawakkul yake ilijengwa juu ya habari ya kweli. Basi anayemwambia mwanamke ategemee Mungu, huku amemnyima habari, amempa nusu tu ya mafundisho.

Na kuhusu kukosha maiti, dada zetu msibebe dhambi isiyokuwepo. Ikiwa kukosha kunahofiwa kumdhuru mkoshaji, wanazuoni wameeleza kwamba maiti atayammamiwa, na hilo nalo likiwa na madhara basi anasaliwa na kuzikwa hivyohivyo. Haipungui heshima yake. Muulizeni shekhe wa eneo lenu mapema, kabla ya msiba, si usiku wa msiba.

Harusi zetu

Tulisema tutarudi. Biharusi mpenzi, harusi yetu ni mikono. Anayekusinga anakugusa, anayekupaka hina anakushika, wageni wanakupa mkono na kukubusu, na wanawake watano wanakula sinia moja. Ndiyo raha yake. Ndiyo maana pia, yanapokuwepo maradhi mahali, harusi na msiba ndizo shughuli za kwanza kuulizwa.

Ikitokea tena, kwetu au kwao, kumbukeni nikaha inahitaji nini: walii, mashahidi wawili, mahari, ijabu na kabuli. Ukumbi wa watu mia tano haumo. Walima unaweza kusogezwa mbele na ndoa ikabaki ndoa. Msikubali kulazimishwa na wifi wala na kamati kwa maneno ya watu watasema nini. Na kabla ya kutuma kadi kwa jamaa walioko eneo lenye maradhi, ulizeni serikali imesema nini leo. Nambari 199 ya Wizara ya Afya haina malipo. Ulizeni: wagonjwa wangapi, siku ngapi tangu wa mwisho, tunaruhusiwa nini? Tukizoea kuuliza, watazoea kutujibu.

Mmetaka kujua ilikuwaje kwa dada yetu. Usiku ule tulimwambia asimguse maiti mpaka bwana afya aje. Alisubiri tangu alfajiri huku baadhi ya majirani wakimsema kwamba imani yake ni ndogo. Bwana afya alikuja, akatazama, akauliza maswali, akawaelekeza wafiwa la kufanya. Marehemu akazikwa kwa heshima kabla ya Laasiri. Maradhi yake yalikuwa nini, dada yetu hakuambiwa. Yeye alihesabu siku 21 zake mwenyewe, analala chumba cha peke yake, watoto wanamsalimia kutoka mlangoni. Ziliisha salama, alhamdulillah.

Siku hizo alizihesabu kwa akili yake mwenyewe. Tunachoomba kwa viongozi wetu, kwa heshima zote na kwa dua, ni kwamba mara nyingine asihesabu peke yake.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, warehemu waliotangulia, walinde wanaouguza na wanaokosha, na uwape viongozi wetu ulimi wa kweli na masikio ya kutusikia. Amin.